Maumivu ya Ghafula ya Shavu la Mguu: Lini Kungoja, na Lini Kwenda Hospitali



Katika Kiswahili ziko methali mbili zinazopingana. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka"; ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Watu hupenda kuulizana ni ipi iliyo ya kweli. Mguu ulioumia wafundisha ya kuwa zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina siku yake. Mguu mmoja wataka saburi ya majuma matatu tu, na mwenyewe apona bila kisu wala sindano. Mguu mwingine, ambao kwa macho wafanana na ule wa kwanza, ukingojewa hata kupambazuke waweza kupooza au kukatwa; na mwingine waweza kumwua mwenyewe ghafula, hali yeye na jamaa zake walidhani ni kuteguka tu. Hotuba hii yahusu namna ya kuitambua miguu hiyo, kila mmoja mbali na mwenziwe.

Shavu la mguu ni kitu gani

Nyuma ya mguu, kati ya goti na kisigino, iko nyama nene iitwayo shavu la mguu. Nyama hiyo hasa ni misuli miwili mikubwa, mmoja umelala juu ya mwenziwe. Kwa upande wa chini misuli hiyo huungana, ikawa kano moja nene na ngumu iliyoshikwa na mfupa wa kisigino. Madaktari huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za kale za Wayunani, ambaye yasemekana hakuweza kujeruhiwa mahali po pote isipokuwa kisiginoni. Kazi ya misuli hiyo na kano yake ni kuinua kisigino. Mtu apandapo mlima na mzigo wa kuni, au akimbiliapo basi, au arukapo kupiga mpira kwa kichwa, ni shavu la mguu limsukumalo.

Yapasa kukumbuka mambo mawili zaidi. La kwanza, ndani ya misuli hiyo hupita mishipa iletayo damu kutoka moyoni, na mishipa mingine iirudishayo. La pili, misuli imefungwa ndani ya ala ngumu, kama mtu aliyevaa soksi ya ngozi isiyonyumbuka. Kitu kikivimba ndani ya ala hiyo, hakina mahali pa kwenda. Mambo hayo mawili ndiyo asili ya hatari zitakazotajwa hapa chini.

Misuli iliyochanika

Aina hii ndiyo iwapatayo watu wengi. Mara nyingi humpata mtu wa makamo ambaye juma zima ameketi ofisini, au dukani, au nyuma ya usukani wa gari, kisha Jumapili akaingia uwanjani kucheza kandanda na vijana bila kuunyosha mwili kwanza. Akiondoka mbio kwa ghafula, asikia kitu kimekatika ndani ya shavu la mguu, hasa upande wa ndani. Maumivu ni makali kama ya kisu. Wasukumao mikokoteni, wapakiao magunia, na wanawake wachotao maji kwenye miteremko huweza kuumia vivyo hivyo mguu ukiteleza.

Kilichotokea ni nyuzi za msuli kuchanika. Zikichanika chache, mtu huchechemea kwa juma moja hata matatu. Zikichanika nyingi, huweza kuchukua majuma sita au zaidi. Baada ya siku mbili au tatu ngozi ya mahali hapo huweza kuwa nyeusi kuliko kawaida yake, na weusi huo ukashuka mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hiyo ni damu iliyovuja ndani, nayo hushuka kama maji yashukavyo bondeni. Ikiwa maumivu na uvimbe vyazidi kupungua, jambo hilo peke yake si la kutisha.

Mguu wa namna hii waweza kungoja. Dalili zake ni hizi: mwenyewe aweza kukanyaga, ijapokuwa kwa kuchechemea, maumivu hupungua kila siku badala ya kuongezeka, shavu la mguu ni laini likibonyezwa, vidole vina joto na vyasikia mtu akiviguza, na wayo waweza kusukuma chini kwa nguvu. Tena haifai kuchanganya aina hii na kule kukakamaa kwa misuli kunakowaamsha watu usiku. Kukakamaa huisha kwa dakika chache mguu ukinyoshwa. Msuli uliochanika hauponi kwa dakika chache.

Kano iliyokatika

Aina ya pili huanza karibu sawa na ya kwanza, lakini maumivu ni ya chini zaidi, karibu na kisigino. Mtu asikia kishindo kama cha ukuni mkavu uliovunjika. Wengi hugeuka nyuma kwa hasira, wakidhani wamepigwa teke au wametupiwa jiwe, wala hawaoni mtu. Mara nyingine ugomvi huzuka uwanjani kwa sababu hiyo, na huku hakuna aliyemguza mwenziwe. Ni kano ya Achilles iliyokatika yenyewe.

Kosa la watu wengi ni kusema, "Mbona atembea? Basi hakuna kilichokatika." Hoja hiyo si kweli. Iko misuli mingine midogo iwezayo kuushusha wayo, hivyo mtu mwenye kano iliyokatika aweza kujikokota mpaka nyumbani. Asiloweza ni kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo mmoja.

Katika mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Uingereza, jina lake Simmonds, alieleza kipimo chepesi kisichohitaji chombo cho chote. Mgonjwa hulala kifudifudi juu ya kitanda au benchi, miguu ikining'inia nje ya ukingo. Mtu mwingine hulibinya shavu la mguu mzima kwa mkono, naye ataona wayo wajisukuma wenyewe. Kisha hulibinya kwa upole shavu la mguu ulioumia. Wayo usipotikisika, kano imekatika. Mara nyingi pia pana shimo dogo liwezalo kuguswa kwa kidole juu ya kisigino.

Mtu huyo hana haja ya kukimbizwa usiku wa manane, lakini yampasa kufika hospitali siku ile ile au kesho yake. Akifika mapema, wayo hufungwa kwa plasta au kwa kiatu maalum, vidole vikielekea chini, ili ncha mbili za kano zikutane na kuungana, wengine hushonwa. Akikaa majuma mengi nyumbani, ncha hizo huachana na pengo hujaa kovu dhaifu, na hapo matibabu huwa makubwa na magumu zaidi. Hata aliyetibiwa vizuri yampasa kungoja miezi sita au zaidi kabla ya kurudi katika michezo.

Hapa lipo onyo moja kuhusu dawa. Dawa za jamii ya ciprofloxacin, ambazo watu wengi huzinunua dukani bila kuandikiwa na daktari, huweza kuidhoofisha kano hata ikakatika, hasa kwa wazee na kwa watumiao dawa za steroidi. Katika mwaka 2008 serikali ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe juu ya dawa hizo kwa ajili ya jambo hili. Mtu anayezitumia, kisha akasikia maumivu kisiginoni, na aache kuzimeza na amwone daktari upesi.

Mguu unaohesabiwa kwa saa

Aina ya tatu ndiyo isiyoweza kungoja hata kidogo. Huja baada ya pigo kubwa: mtu ameanguka na pikipiki, au ameangukiwa na gogo au jiwe, au amepigwa teke zito, hasa ikiwa mfupa wa ugoko umevunjika. Damu na maji hujaa ndani ya ile ala ngumu iliyokwisha kutajwa. Ala haitanuki, basi misuli hubanwa, na mishipa midogo ya damu hubanwa pamoja nayo, hata damu isipite. Msuli usiopata damu huanza kufa, na baada ya muda wa saa sita hivi hasara yaweza kuwa ya daima.

Dalili yake kubwa ni maumivu yanayozidi kipimo cha jeraha. Jeraha laonekana dogo, lakini mwenyewe alia; amekwisha kumeza dawa, wala haimsaidii; na kila saa ipitayo maumivu yazidi. Shavu la mguu huwa gumu kama ubao. Mtu mwingine akimnyosha vidole vya mguu, hata polepole, mgonjwa hupiga kelele. Kisha huja ganzi kati ya vidole. Watu wasingojee mpaka mguu uwe baridi na vidole vishindwe kusogea, maana hizo ni dalili za mwisho, na hapo huenda wakati umekwisha kupita.

Hatari hiyo hiyo huweza kuletwa na mkono wa binadamu. Katika mwaka 1881 daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika habari za viungo vilivyofungwa kwa bendeji zilizokazwa mno: misuli ilikosa damu, ikafa, na kiungo kikakunjamana kama ukucha wa ndege. Jambo hilo lingaliko mpaka leo mahali po pote ambapo mguu uliovunjika hufungwa banzi na kamba kwa nguvu, na mgonjwa akiambiwa kwamba kuumia ndiyo dalili ya kupona. Kuumia kunakozidi si dalili ya kupona. Mtu aliyefungwa banzi au plasta, kisha maumivu yakazidi na vidole vikafa ganzi, vifungo vyake vilegezwe mara moja, na apelekwe hospitali saa ile ile, iwe ni mchana au usiku. Aliyewekewa plasta hospitalini hana haja ya kuona haya kurudi usiku huo huo. Madaktari wenyewe wataka arudi.

Mgonjwa wa namna hii akiwa njiani, mguu wake usiinuliwe juu sana wala usifungwe kitu. Ulazwe sawa na kimo cha moyo. Matibabu yake ni daktari mpasuaji kuifungua ile ala ili damu ipite. Kwa hiyo akipatikana katika zahanati, wahudumu hawatamweka hapo. Watampeleka upesi kwenye hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji.

Donge la damu lisafirilo

Aina ya nne ni ya hila, kwa sababu haiji sikuzote saa ya kuumia. Mtu ameumia mguu, akatulia nyumbani kama alivyoambiwa, au akafungwa plasta, na maumivu yakapungua. Kisha baada ya siku kadhaa, au hata majuma, shavu la mguu laanza kuuma tena, lavimba, lina joto, na ngozi yake imekazana. Watu husema, "Jeraha limeamka." Lakini huenda si jeraha. Damu inayorudi moyoni, kwa kuwa misuli ya kuisukuma imelala, yaweza kuganda ndani ya mshipa ikawa donge.

Wako watu ambao hatari hiyo huwapata upesi zaidi: waliofanyiwa upasuaji karibuni au waliolala kitandani siku nyingi, wanawake wajawazito, na waliojifungua katika majuma sita yaliyopita, watumiao vidonge fulani vya kupanga uzazi, wenye saratani, wazee, waliokwisha kupata donge la damu zamani, na waliokaa katika basi au ndege muda mrefu bila kuinuka.

Donge likikaa mguuni huleta uvimbe na maumivu. Likikatika na kusafiri, hupanda pamoja na damu, likapita moyoni, likaziba mishipa ya mapafu. Katika karne ya 19 daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani ndiye aliyeonyesha wazi kwamba madonge yakutwayo mapafuni mwa maiti mara nyingi yametoka miguuni. Mtu huyo hukosa pumzi kwa ghafula, husikia kifua kikichoma avutapo pumzi, moyo hupiga mbio, na huenda akakohoa damu au akazimia. Wengine hufa kabla ya kufikishwa mlangoni mwa hospitali.

Kwa kuwa uvimbe wa donge la damu wafanana sana na ule wa misuli iliyochanika, daktari mwenyewe haamui kwa macho tu. Kiko kipimo kimoja kimsaidiacho, nacho hata watu wa nyumbani waweza kukifanya kwa utepe wa fundi wa cherehani. Hupimwa sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, na hapo shavu la kila mguu huzungushiwa utepe. Mguu mmoja ukizidi mwenziwe kwa zaidi ya sentimita 3, ni jambo la kushukiwa. Lakini hata tofauti ikiwa ndogo, mtu mwenye dalili zilizotajwa na aende akaonwe. Hospitalini daktari hutumia chombo cha mawimbi ya sauti, kile kile wapimiwacho wanawake wajawazito, naye huweza kuona kama damu yapita au imeziba. Likipatikana donge, hupewa dawa za kuzuia damu isigande, na kwa kawaida dawa hizo hutumiwa miezi mitatu au zaidi. Aliyeambiwa amalize miezi hiyo asiache dawa kwa sababu tu uvimbe umekwisha.

Habari ya kukanda

Hakuna nyumba isiyojua kukanda. Mtu akiumia mguu, mama huteleka maji, kitambaa huchovywa, na mzee mwenye mikono yenye nguvu huitwa kuuchua mguu kwa mafuta. Jambo hilo hufanywa kwa mapenzi, na kwa maumivu ya uchovu lina faida yake. Lakini kwa shavu la mguu lililoumia ghafula, kukanda kwa nguvu siku za kwanza ni hatari. Nyuzi zilizochanika huzidi kuchanika, na maji ya moto huzidisha damu kuvuja ndani. Mguu uliobanwa na uvimbe huzidi kubanwa. Na baya kuliko yote, mguu wenye donge la damu ukichuliwa, donge laweza kung'oka na kwenda mapafuni. Madaktari wamekwisha kuandika habari za watu waliopatwa na msiba huo baada ya kuchuliwa.

Basi mama au mzee akitaka kusaidia, haambiwi akae bure. Kazi yake iko. Badala ya maji ya moto, achovye kitambaa katika maji baridi, au afunge barafu ndani ya taulo, akiweke juu ya mahali panapouma kwa dakika 15 au 20, kisha apumzishe, na kurudia mara kadhaa kwa siku mbili za kwanza. Barafu isiguse ngozi tupu. Mguu uwekwe juu ya mito. Bendeji ya kunyumbuka yaweza kufungwa, lakini kidole kimoja kiweze kupita chini yake, nayo ifunguliwe usiku. Kwa maumivu, paracetamol yafaa, kwa kipimo kilichoandikwa. Aspirini haifai siku hizo za kwanza, maana huizuia damu kuganda. Ikiwa kila siku ni afadhali kuliko jana, mgonjwa aanze kuchezesha wayo polepole na kutembea kidogo kidogo, maana kulala kupita kiasi pia kuna hatari yake.

Muhtasari wa yote

Mambo haya yaweza kukumbukwa kwa kufuata wakati.

Saa ile ile, mchana au usiku: mtu ambaye maumivu yake yazidi wala hayatulizwi na dawa, ambaye shavu la mguu limekuwa gumu kama ubao, mwenye ganzi, au vidole baridi, ambaye mfupa umepinda au umetokeza, na yule anayekosa pumzi au kusikia kifua kikichoma.

Siku ile ile: mtu asiyeweza kwenda hata hatua nne, ambaye mguu wake umevimba tena baada ya kupungua, au una joto na umeuzidi mwenziwe, na mwenye homa au jeraha linalotoa usaha. Lakini aliyesikia maumivu ya ghafula akipita majanini, akakuta alama za meno, na apelekwe saa ile ile, mchana au usiku, maana huyo huenda ameumwa na nyoka.

Siku ile ile au kesho yake: mtu aliyesikia kishindo kisiginoni, ambaye hawezi kusimama kwa ncha za vidole.

Anayeweza kungoja: mtu anayekanyaga, ambaye shavu la mguu wake ni laini, na ambaye kila siku maumivu yapungua. Naye pia, zikipita siku saba bila nafuu, na aende zahanati.

Jamaa wampelekao mgonjwa wasimpe chakula wala kinywaji njiani ikiwa yaonekana atahitaji kupasuliwa, na wachukue dawa zote alizokuwa akimeza. Zaidi ya hayo, mmoja wao aandike katika karatasi saa aliyoumia, saa maumivu yalipoanza kuzidi, na kama amechuliwa au amefungwa banzi. Wasiogope kusema kweli kwa kudhani watalaumiwa. Swali la kwanza la daktari litakuwa, "Mguu huu uliumia lini?" Na mara nyingi jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha ni mguu wa kungoja, au ni mguu ambao saa zake zimekwisha kuanza kuhesabiwa.